Sauti ya Mbele Kushoto

Ninyi vijana mnaoshika spana sasa, nisikilizeni kabla hamjafungua kitu. Gari likiletwa kwenu linapiga kelele mbele, na mwenyewe anawaambia kwa fahari kwamba juzi alilitengeneza kwa mikono yake, msikimbilie jeki. Mpeni kigoda, mpeni maji ya kunywa, kisha mwulizeni: "Ulishika nini?" Msimwulize gari lina nini, maana angelijua asingekuja. Mwulizeni alishika nini, alifungua nini, na kama kuna kitu kilibaki mkononi alipomaliza. Kelele inayozaliwa baada ya matengenezo ya nyumbani ina mzazi, na mara nyingi mzazi huyo amesimama mbele yako anafuta mikono kwa kitambaa.

Mimi kazi hiyo nimeiacha. Nina miaka arobaini na kitu, lakini mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Ulichoka kulala chini ya magari ya watu kutoka Kikambala mpaka Malindi. Sikuwa mtu wa kukaa gereji moja. Nikishazoea harufu yake na matusi ya mafundi wake, miguu ilianza kuwasha, nikafunga mkoba wa spana nikaenda kwingine. Sasa nauza miche ya mikorosho na mipapai kando ya barabara hapa Gede, na mke wangu anasema ni mara ya kwanza tangu nimwoe anajua nitaamkia wapi kesho. Ila masikio hayajastaafu. Juzi mama mmoja aliniuliza mche wa mkorosho ni wa aina gani, nami nikamjibu, "Beringi." Gari lilikuwa linapita nyuma yake likivuma upande wa kulia. Aliondoka bila mche.

Kikambala nilikuwa na mteja mpishi wa hoteli. Alibadilisha pedi za breki mwenyewe siku yake ya mapumziko, na jioni yake gari likaanza kukwaruza kama kisu kwenye chungu. Akaja kwangu amekata tamaa. "Fundi, eksili imekufa. Nimeshamwambia mke wangu. Nimeshamwambia hata bosi." Nikatoa gurudumu. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia vumbi, na yeye alipokuwa akihangaika na breki alikuwa ameliegemea kwa kiwiko, likapinda likagusa diski. Nikalisukuma kwa kidole gumba.

"Imekwisha," nikamwambia.

"Imekwisha nini?"

"Kelele."

Akaniangalia, akaangalia kidole changu, akaniangalia tena. "Sasa mke wangu nitamwambia nini? Nimeshailia eksili!" Nilimshauri amwambie imefufuka. Kesho yake aliniletea samaki wa kupaka ndani ya bakuli lenye kifuniko, na hadi leo nikiona lile bati la vumbi kinywa hujaa mate.

Aliyenifundisha kusikiliza ni Fundi Athumani wa Malindi, mtu wa mjini hasa, kanzu yake ikining'inia kwenye msumari siku nzima bila kupata doa. Alikuwa akitupakia ndani ya gari bovu, wanafunzi wanne, na kutukataza kusema mpaka tufike kona. Mmoja akipanua mdomo kabla ya kona, alishushwa akarudi kwa miguu. Tukifika kona anasimamisha gari na kuuliza kwa upole, "Haya wanangu, sauti hii yafuata nini?"

Hilo tu ndilo alilotaka. Sauti yafuata nini? Kama inafuata gurudumu, ukiongeza mwendo nayo inakimbia, ukipunguza nayo inapunguza. Hapo tafuta kinachozunguka, yaani shafti, diski, beringi, nati za gurudumu ambazo mwenye gari alizikaza huku akizungumza na simu. Kama inafuata usukani, kata kona yote polepole uwanjani. Ikilia tak-tak-tak kama mtu anayebangua korosho, ni kiungo cha shafti. Beringi haibangui, beringi inavuma, na ukikata kulia mvumo ukazidi, mtazame wa kushoto, kwa sababu uzito umemwangukia yeye. Na kama inafuata barabara, inanyamaza kwenye lami na kusema kwenye mashimo, basi achana na vinavyozunguka. Tafuta vinavyobeba.

"Gari halijui kusema uongo," Fundi Athumani alikuwa akituambia. "Ni sisi tunaolikatiza kauli."

Nilidhani nimeyashika maneno yale vizuri, mpaka siku ya gari la Mzee Katana.

Mzee Katana alikuwa dereva wa malori ya chumvi maisha yake yote, na nyumbani kwake hapa Gede alikuwa na gari lake moja la familia, jeupe, la zamani, lenye nafasi kubwa ya mizigo nyuma. Binti yake Sidi alipokuwa mdogo, mzee alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atatoka nyumbani ndani ya gari lile. Siku ikafika kweli. Sidi anaolewa Jumamosi kanisani kule Adu, kwa kina bwana harusi. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamedhoofika, daktari amemkataza kuendesha, na aliyebaki wa kushika usukani ni mwanawe Charo, kaka yake Sidi, kijana wa kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Watamu.

Charo aliona gari halitafika Adu lilivyo. Raba ya shafti ya kushoto ilikuwa imechanika, na ile mikono ya chini inayoshikilia magurudumu ya mbele, raba zake zilikuwa zimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Akanunua vipuri, akafungua simu akaangalia video, akafunga vyote mwenyewe uani kwao. Mzee hakupenda. Alizunguka gari mara kadhaa mikono nyuma, kisha akatoa hukumu: "Likilia hata mara moja, naita gari la kukodi. Na wewe utapanda nyuma kama mgeni."

Mtakaoona hilo jambo dogo, hamjawahi kuwa kijana mbele ya baba dereva.

Alhamisi asubuhi Charo akanijia gereji, wakati huo nikifanya kazi hapahapa Gede. Gari nilianza kulisikia tangu kituo cha matatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ulishika nini?"

Akacheka. "Nani kakwambia nimeshika?"

"Kucha zako."

Akanieleza yote. Nikamwuliza kama kuna kitu kilibaki. "Hakuna," akasema. "Hata mimi nilishangaa."

Nikaliendesha mpaka njia ya Watamu na kurudi. Lilikuwa likikwaruza mbele kushoto, na mkwaruzo ulikimbia na gurudumu. Nikajiambia, kijana amefunga shafti ya kushoto, kelele iko kushoto, inafuata gurudumu, kuna mjadala gani? Sikutoa hata gurudumu nikachungulia, kama nilivyofanya Kikambala. Nikaingia chini kufungua shafti. Ilinichukua asubuhi nzima, na kila nilipofika nilikuta kazi safi kuliko yangu: nati imekazwa na kufungwa inavyotakiwa, grisi mahali pake, hakuna hata alama ya nyundo. Nilikuwa nimeanza kumwonea wivu kijana wa watu. Ndipo nilipovuta diski, na kitu cheupe kikanidondokea kifuani.

Nikakiinua. Kijiwe, saizi ya jino la mbuzi.

"Charo, gari ulilisimamisha juu ya nini?"

"Mawe, fundi. Yale ya kujengea."

Hapo ndipo mjue kwamba video haina mchanga. Yule wa kwenye simu amesimama juu ya saruji. Uani kwa Mzee Katana ni mchanga mtupu, jeki inazama kama mguu pwani, na mtu wa kwetu akikosa pa kusimamisha gari hutazama pembeni, na pembeni pana mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Yanapendeza kwa ukuta. Chini ya gari yanapasuka bila hodi. La Charo lilikuwa limepasuka alipokwenda kunywa maji, likarusha kipande nyuma ya diski. Angeichelewesha kiu yake kidogo tu, tungekuwa na hadithi nyingine, na mimi nisingeisimulia nikicheka. Gogo la mnazi, kipande cha mbao nene chini ya jeki, kuazima vyuma vya kusimamishia kwa fundi wa jirani, chochote. Jiwe la matumbawe, hapana.

Nikafunga kila kitu, tukalijaribu, likanyamaza kama msikiti saa nne asubuhi. Charo akanishika mkono kwa mikono miwili, akakimbia kumwita baba yake.

Nilisherehekea mapema. Mzee Katana alirudi na dada yake, Shangazi Kadzo, pamoja na wanawake wawili wa ukoo waliokuwa wametoka Malindi kununua leso za harusi. Shangazi Kadzo ni mpiga kayamba. Hakuna sherehe kuanzia Gede mpaka Magarini aliyoikosa. Wote wakasema wanapanda, gari lijaribiwe na watu. Charo kwenye usukani, mzee mbele kushoto, wanawake nyuma, na mimi nikajikunja mahali pa mizigo, ndipo nilipobakishiwa.

Tulipoacha lami tu, kwenye shimo la kwanza: ko!

"Nimesikia," akasema Mzee Katana.

"Mzee, ngoja kidogo..."

"Nimesikia, fundi." Simu imeshatoka mfukoni.

Mgongo wa Charo nilikuwa nauona kutoka nyuma. Ulishuka kama tairi lenye msumari.

"Katana, weka simu," Shangazi Kadzo akasema. "Umezeeka, haraka ya nini? Charo, rudia hapo."

Tukarudia. Ko! Mimi kule nyuma nikapaza sauti kwamba ni shafti, labda sikuirudisha vizuri. Nikawaomba wanawake wanyamaze nisikilize. Wakanyamaza mpaka duka la pili, wakarudi kwenye wimbo wa harusi waliokuwa nao tangu Malindi.

"Mama zangu, nawaomba!"

"Fundi," Shangazi Kadzo akasema, "hawa hawajui kunyamaza, hata kanisani wanashindwa. Waache waimbe." Kisha akawageukia. "Lakini msiimbe kwa mwendo wenu. Imbeni kwa mwendo wa gari. Charo, twende sawasawa, usiongeze wala usipunguze."

Tairi la mbele lilikuwa na kiraka, na kwenye ardhi ngumu lilikuwa likipiga kidogo kila lilipozunguka, sauti ambayo mimi nilikuwa sijaijali. Yeye aliishika hiyo. Akaanza kupiga makofi nayo, wenzake wakafuata, gari zima likawa ngoma. Na ile ko! ikaja, ikaanguka nje ya makofi. Ikaja tena, mahali pengine kabisa.

"Umeisikia?" akaniuliza bila kugeuka. "Ulisema ni kitu cha gurudumu. Gurudumu lina pigo lake, linarudi palepale. Hii hairudi. Hii inangoja shimo, kama mchezaji mvivu anayengoja kusukumwa. Na kabla ya kupiga inakoroma kidogo. Kwiii, ndipo ko."

"Iko wapi, shangazi?" Charo akauliza.

"Mbele, kushoto. Chini ya miguu ya baba yako."

Nikabaki nimekaa kati ya spea na jeki, na kama pangekuwa na nafasi ya kushuka nikarudi kwa miguu, ningeshuka. Sauti yafuata nini? Barabara. Fundi Athumani angenitelemsha tangu duka la kwanza. Mkwaruzo wa asubuhi ulifuata gurudumu, huo tuliumaliza. Huu ulikuwa mwingine, nami nilikuwa nimeuvika nguo za mwenzake.

"Charo," nikaita, "ile mikono ya chini, bolti zake ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya mawe. Magurudumu yakining'inia."

"Twende kwenye shimo la gereji."

Niwaeleze, maana hili mtalikuta sana. Ule mkono wa chini una raba ndani ya chuma, tunaziita bushi. Ukikaza bolti yake gari likiwa hewani, unaifunga raba katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka chini, mkono unapanda, raba inajisokota kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo hiyo kwiii. Na bolti ya kushoto ilikuwa imemdanganya Charo: ilihisi imekaza kumbe imekazia raba iliyopinda, chuma bado kina nafasi ya kucheza. Tulipokuwa wawili garini haikusema. Ilingoja mzigo. Dawa yake ni kulegeza bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake, litikiswe likae lilivyozoea, ndipo ukaze.

Gereji jirani kulikuwa na shimo la kuingia chini ya gari. Charo akalisimamisha juu yake, tukaweka magogo kwenye magurudumu. Wanawake wakataka kushuka.

"Kaeni," nikawaambia. "Nataka gari likae kama litakavyokaa Jumamosi."

"Kumbe tumekuwa mawe ya Charo!" mmoja akasema.

"Sisi hatupasuki," akajibu mwenzake, na ikawa vicheko mpaka gari likatikisika, jambo ambalo ndilo nililokuwa nalitaka.

Nilivua shati kuingia shimoni, lakini Charo alikuwa ameshaingia. Nikamwacha. Mzee Katana alikuwa amesimama ukingoni, simu bado mkononi. Kutoka chini Charo akaomba spana ndefu. Nami nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Mzee akaitia simu mfukoni, akapiga goti moja juu ya mafuta na vumbi, suruali yake ya pasi, akamwinamishia mwanawe spana.

"Shika mbali na kichwa," akamwambia. "Vuta, usisukume. Ukisukuma ikiponyoka utavunja vidole."

"Ndiyo, baba."

Bolti ikalegea kwa mlio mmoja, kwaa!, na gari likajishusha taratibu kama mama anayejiweka sawa kwenye mkeka. Wanawake wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kana kwamba ni wao waliolegezwa. Akafanya na ya kulia vilevile. Juu wanaimba, chini kijana anakaza, ukingoni mzee anauliza, "Imefika? Ongeza kidogo. Basi. Basi, nimesema."

Tukarudi njia ileile, mashimo yaleyale, mimi kwenye mizigo yangu. Shangazi Kadzo akapiga makofi mpaka duka la mwisho. Hakuna ko iliyompokea.

Mzee Katana hakusifu. Watu wa malori hawasifu. Alipokuwa akishuka alisema tu, "Jumamosi nitakaa mbele. Nitasikiliza mwenyewe."

Jumamosi nilialikwa, na kiti changu mnakijua. Safari hii nilikuwa na masufuria mawili ya pilau na mkoba wa spana, ambao Charo aliniomba niuchukue halafu akaniomba nisiufungue. Sidi alikaa katikati nyuma, gauni limejaa gari zima, Shangazi Kadzo upande mmoja na mwenzake upande mwingine wakiushika mtandio wake usiguse mlango. Mzee Katana alikaa mbele kushoto. Amevaa koti. Aliteremsha kioo chote, akatoa sikio nje, mkono mmoja umeshika mpini wa mlango kwa nguvu mpaka mishipa imesimama. Mpaka Malindi alikuwa hivyo. Tuta likija, anakaza mkono. Tukivuka, anaulegeza kidogo. Charo alikuwa akiendesha kama amebeba mayai, na jasho lilimshuka mpaka Sidi akamwambia, "Kaka, mimi ndiye ninayeolewa, wewe walia nini?"

Tuliiacha lami. Ile njia ya vumbi ya kwenda Adu haina huruma, ina mikunjo kama bati la paa, na hata wanawake waliacha kuimba, kila mtu anasikiliza. Tulisikia mchanga ukigonga chini, masufuria yangu yakisalimiana, na hapana kingine.

Ndipo Shangazi Kadzo alipoinamisha kichwa.

"Charo," akasema polepole. "Kuna sauti."

Gari likapunguza mwendo. Nami nikaisikia, nzito, ya kukwaruza.

"Iko wapi?" Charo akauliza.

"Mbele. Kushoto."

"Inafuata gurudumu?" nikapaza sauti kutoka nyuma, mkono tayari kwenye mkoba.

"Haifuati gurudumu. Wala haifuati shimo." Akangoja isikike tena. "Inavuta ndani, inatulia, halafu inatoka."

Charo akageuza kichwa kushoto. Mzee Katana alikuwa ameegemea mlango, kinywa wazi, tai imepanda begani. Ule mkono uliokuwa umeshika mpini tangu Gede ulikuwa umelala pajani, vidole vimefunguka.

"Hiyo usiifungue," Shangazi Kadzo akamwambia. "Ongeza mwendo, tusimwamshe."